Homa Irudiayo na Njia Iliyoziba

Katika mji wa Moshi, na katika vijiji vilivyotandaa juu yake kutoka Kibosho na Machame hata Marangu na Rombo, homa ambayo kipimo cha malaria kimeikana haikawii kupewa jina jingine, na aghalabu jina hilo ni UTI, yaani maambukizo ya njia ya mkojo. Ikirudi mara ya pili huitwa UTI sugu. Ikirudi mara ya tatu, mgonjwa huwa amekwisha kuwa mwenyeji wa duka la dawa, anazijua sipro, septrini na amoksilini kwa rangi za vidonge vyake, na bei zake amezihifadhi kichwani. Nguzo za umeme zimebandikwa matangazo ya watu wanaodai kuiondosha UTI sugu kwa chupa moja ya mizizi, na tangazo hilo hilo huahidi pia kuponya tezi dume na kurejesha nguvu za kiume, kana kwamba maradhi yote yaliyo chini ya kitovu yamezaliwa na mama mmoja.

Si kusudi langu kumdhihaki mgonjwa huyo, kwa kuwa taabu yake ni ya kweli na fedha anazozitoa ni za jasho. Neno nililo nalo ni kwamba jina hili moja limefunika hali tatu zisizofanana. Utafiti uliopewa jina la HATUA, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, mkoa wa Kilimanjaro ukiwa miongoni mwa sehemu zake, uliwapima wagonjwa zaidi ya 7,500 waliofika katika vituo vya afya wakiwa na dalili za UTI. Mkojo wao ulipooteshwa maabara, kiasi cha thuluthi moja tu ndio walioonekana kuwa na vijidudu. Basi hali ya kwanza ni ya mtu asiyekuwa na UTI kabisa, ambaye anameza dawa za ugonjwa wa jirani yake. Hali ya pili ni ya wanawake wengi, ambao njia yao ya mkojo ni fupi, kiasi cha sentimita nne, ilhali ya mwanamume hufika ishirini. Kwa ufupi huo vijidudu vya utumbo hupata wepesi wa kuingia kibofuni, vikaleta mwasho na kukojoa mara kwa mara, na dawa ya siku chache huvimaliza. Hali ya tatu, ambayo ndiyo maudhui ya makala hii, ni ya mtu ambaye vijidudu vimepanda hata figoni na vinarudi huko kila baada ya dozi kwa sababu mahali fulani njia ya mkojo imeziba. Huyu wa tatu, hata akipewa dawa ile hasa iwezayo kuua vijidudu vyake, hapati afua ya kudumu, kwa kuwa kilichoharibika kwanza ni njia.

Ili jambo hili lieleweke, inafaa kutazama kazi ya figo. Figo mbili za mtu mzima huchuja kiasi cha lita 180 za maji kutoka katika damu kila siku, zikayarudisha mwilini karibu yote, zikabakisha lita moja na nusu hivi iwe mkojo. Mkojo huo hushuka kwa mirija miwili myembamba, kila mmoja ukiwa na urefu wa sentimita 25 hadi 30, nayo haingoji mkojo uanguke wenyewe, bali huusukuma kwa kujikaza hatua kwa hatua kutoka juu kwenda chini, ndiyo maana hata mtu aliyelala chali mkojo wake hufika kibofuni. Kila mrija una sehemu tatu zilizo nyembamba kuliko nyingine: pale unapoanzia kwenye figo, pale unapovuka mishipa mikubwa ya damu iendayo mguuni, na pale unapopenya ukuta wa kibofu. Jiwe linaloshuka kutoka figoni aghalabu hukwama katika mojawapo ya sehemu hizo.

Wazee wa Uchagga, ambao jadi yao walichimba mifongo ya kuteremsha maji kutoka mito ya msituni hata migombani, wanaijua kanuni iliyomo humu kuliko wengi wetu: tawi kubwa likianguka mferejini, maji ya juu hujaa na kutuama, yakazaa viluwiluwi, wala hapana faida ya kuchota viluwiluwi hivyo kila asubuhi iwapo tawi limeachwa mahali pake. Mkojo unaotiririka husafisha njia yake, vijidudu vichache vinavyojipenyeza hutolewa nje kabla ya kuzaana. Mkojo uliotuama huvipa nafasi ya kuzaana. Fauka ya hayo, mkojo uliozuiliwa husukuma kwa nyuma, figo ikatanuka kutoka ndani, nyama zake zikabanwa na kazi yake ya kuchuja ikapungua. Hapo ndipo penye siri ya dozi zisizofaa: dawa nyingi za UTI huyafikia makazi ya vijidudu kwa kuchujwa na figo pamoja na mkojo, na figo iliyobanwa haiwezi tena kuchuja vya kutosha, kwa hiyo dawa huzunguka katika damu nzima ya mgonjwa ila pale ilipohitajiwa hufika haba.

Sababu za kuziba ni nyingi, nazo hutofautiana kwa umri na jinsia, na katika wanaume waliopita miaka hamsini ya kwanza kutajwa ni tezi dume. Tezi hii iko chini ya kibofu na njia ya mkojo hupita katikati yake, kwa hiyo inapokua kwa uzee, hata pasipo saratani, huibana njia hiyo pole pole kwa miaka. Mzee huanza kwa kuamka usiku mara moja, kisha mara tatu, kisha mara tano. Husimama msalani muda mrefu akingoja mkojo uanze. Ukianza hutoka kwa unyonge na kukatikakatika. Akirudi kitandani anahisi bado umo. Na kweli umo. Kibofu kisichokwisha mkojo hugeuka kisima cha vijidudu, ukuta wake hunenepa kwa kushindana na kizuizi, na mwisho shinikizo hupanda mirija yote miwili na kuzijeruhi figo zote mbili kwa pamoja. Mengi ya hayo mzee hayasemi. Huona haya mbele ya wakwe na wajukuu, na huenda pia akaona ndiyo kawaida ya uzee, hata siku mkojo unapogoma kabisa, tumbo likavimba, akapelekwa hospitali usiku kwa gari la kukodi.

Huko huwekewa mpira wa kutolea mkojo, na mpira huo humwokoa. Tatizo ni kwamba wengine hukaa nao miezi, wakingoja fedha au zamu ya upasuaji. Ukikaa asubuhi kwenye mabenchi ya kliniki ya njia ya mkojo utawatambua kwa namna wanavyoketi: mzee aliyevaa koti refu siku ya jua, mkono mmoja umelala juu ya paja, na chini ya pindo la koti mfuko wa mkojo umening'inia, rangi yake ikitoka njano ya chai kwenda kahawia yenye utandu. Wengine huuinua mfuko huo na kuupakata ili usionekane, nalo ni kosa, kwa sababu mfuko ukiwa juu ya kibofu mkojo hurudi ndani pamoja na vijidudu vyake. Mtu aliyekaa na mpira mwezi mmoja karibu kwa hakika ana vijidudu katika mkojo, na kuwamo kwao si sababu ya kumeza dawa maadamu hana homa wala maumivu. Akila dawa kila kipimo kinapoonyesha vijidudu, atakachopata ni vijidudu vilivyo sugu zaidi. Kinachomfaa ni mikono safi, mfuko ulio chini ya kiuno daima, mpira unaobadilishwa kwa wakati uliopangwa, na zaidi ya yote upasuaji unaotimizwa, maana mpira ni daraja la kuvukia.

Wanaume walio vijana huzibwa kwa namna nyingine, nayo ni kovu katika njia ya nje ya mkojo. Zamani kovu hilo lilikuwa aghalabu ni la kisonono kisichotibiwa. Siku hizi ajali za bodaboda, zinazovunja mfupa wa nyonga na kuikata njia, zimeongeza hesabu, na kovu la mpira uliosukumwa kwa nguvu na mkono usiofundishwa nalo limo.

Mawe hayachagui sana. Hufanyika pale chumvi zilizomo katika mkojo zinapozidi maji, na kwa hiyo watu wanaofanya kazi juani wakinywa maji kidogo, kama vile wakulima wa tambarare za chini ya Moshi na madereva wa safari ndefu wanaoogopa kusimama njiani, wana sababu ya kuyahofu. Jiwe dogo likishuka huleta maumivu makali ya ubavu yanayoteremka hata kinenani, na mgonjwa hawezi kutulia kitandani. Jiwe kubwa lililokaa figoni, kwa upande mwingine, linaweza kunyamaza miaka. Yapo mawe ambayo hayatangulii vijidudu bali huzaliwa navyo: bakteria waitwao Proteus huvunja urea iliyomo katika mkojo, mkojo ukapoteza ukali wake wa asidi, na chumvi zikagandamana hata jiwe likajaza figo nzima kwa matawi mfano wa pembe za ayala. Ndani ya jiwe hilo vijidudu hujificha, na hakuna dawa ipenyayo humo. Mgonjwa hupona wiki mbili, kisha homa inarudi kwa jina lile lile la UTI sugu, na itaendelea kurudi hata jiwe litolewe lote, kwa kuwa kipande kinachosalia ni mbegu ya jiwe jipya.

Kwa wanawake, mimba yenyewe hulegeza mirija na kuibana, hasa wa kulia, kwa hiyo mjamzito mwenye homa na maumivu ya ubavu hastahili kuambiwa avumilie kwa kuwa ndiyo hali ya mimba. Maambukizo ya figo yanaweza kumletea uchungu kabla ya wakati. Lakini kizuizi kinachoogopwa zaidi ni saratani ya mlango wa kizazi, ambayo katika Tanzania ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake, na ambayo ikienea pembeni huikumba mirija ya mkojo inayopita jirani na kuiziba mmoja baada ya mwingine. Mwanamke anayetibiwa homa za figo mara kwa mara, na ambaye pia anatokwa na damu isiyo ya mwezi au damu baada ya tendo la ndoa, anahitaji kuchunguzwa mlango wa kizazi kabla ya dozi nyingine yoyote. Kilimanjaro inayo nafasi yake katika habari ya kinga ya saratani hii, kwa kuwa ndio mkoa ambao chanjo ya virusi vya HPV ilijaribiwa kutolewa kwa wasichana kuanzia mwaka 2014, kabla ya kuenezwa nchi nzima mwaka 2018. Wasichana waliochanjwa mashuleni wakati ule sasa ni wanawake wazima, na wengine ni mama wa watoto.

Watoto wa kiume wana balaa lao wenyewe, nalo ni vijingozi vinavyoota kabla ya kuzaliwa ndani ya njia ya mkojo, vikaacha mkojo utoke kwa kudondoka tu. Huwapata kiasi cha mtoto mmoja katika kila wavulana 5,000 hadi 8,000. Mama ndiye mpimaji wa kwanza: amwangalie mwanawe anapokojoa, aone kama mkojo unaruka kwa mbali au unadondoka miguuni, na kama mtoto hukunja uso na kujikaza tumbo. Mvulana mchanga mwenye homa za UTI hapaswi kurudishwa nyumbani na dawa ya maji peke yake kabla ya figo na kibofu chake kupigwa picha.

Yabaki mawili ambayo hupimwa mara chache kuliko inavyostahili. Moja ni kichocho cha mkojo, ambacho kwa aliyekulia katika kanda ya Ziwa Viktoria, au Unguja na Pemba, kinaweza kuacha makovu katika kibofu na mirija yatakayojulikana baada ya miaka mingi, mwenye nayo akiwa amekwisha kuhamia Moshi kwa kazi au ndoa. La pili ni kifua kikuu cha figo. Watu wa mkoa huu wanaijua hospitali ya Kibong'oto, huko Siha, iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, ila si wengi wanaojua kwamba ugonjwa huo huweza kukaa figoni na kuikunja mirija kwa makovu pasipo kukohoa hata siku moja. Alama yake ni hii: mkojo umejaa chembe za usaha, lakini ukioteshwa kwa njia ya kawaida hauoti kitu. Mgonjwa wa namna hiyo aliyekwisha kupewa dozi nne za antibayotiki amepewa dozi nne za bure.

Sasa, kizuizi hujulikanaje? Elimu ya kuusoma mkojo ni kongwe; Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliuandikia mlango mrefu katika kitabu chake cha Al-Qanun, akapambanua rangi, harufu na mashapo yake. Tabibu wa leo naye huanza kwa maswali, na maswali yenyewe si ya kuonea haya. Mzee, usiku unaamka mara ngapi? Mama, homa inakuja na kutetemeka, na maumivu yako ubavuni au chini ya kitovu? Umewahi kutoa jiwe, au mkojo wa damu? Mwasho wa chini pasipo homa huelekeza kwenye kibofu. Homa ya kutetemeka, kichefuchefu na maumivu ya ubavu huelekeza kwenye figo. Kisha mgonjwa huketi, na tabibu humgonga taratibu kwa upande wa ngumi pale mbavu za mwisho zinapokutana na uti wa mgongo. Mwenye figo iliyovimba huruka kama aliyechomwa.

Halafu ni mkojo, na hapa hakuna jambo dogo linaloharibu kazi kubwa kuliko kikopo kichafu. Mgonjwa ajisafishe kwa maji, aache mkojo wa mwanzo uende, akinge wa katikati katika kikopo safi alichopewa, akifunike, akipeleke maabara mara moja bila ya kukizungusha mkobani hata adhuhuri. Kijiti cha kuchovya hutoa jawabu kwa dakika mbili, lakini jawabu hilo ni la kukisia. Ithibati ni kuotesha, kazi ya siku mbili hivi, ambayo hutaja aina ya kijidudu, na mara nyingi huwa ni E. koli mwenye makazi utumboni, na kutaja pia dawa zinazomuua na zisizomuua. Sharti mkojo huo utolewe kabla ya kuanza dawa. Mtu aliyekwisha kumeza vidonge viwili vya sipro nyumbani, akaja kupimwa, amekwisha kuivuruga ithibati yake. Na katika nchi zetu, ambamo ampisilini na septrini zimepoteza nguvu juu ya vijidudu vingi vya mkojo, kubahatisha dawa ni kamari yenye hasara.

Kipimo kinachoonyesha kizuizi chenyewe ni altrasaundi. Hakina sindano wala mionzi. Mgonjwa hupakwa jeli ya baridi tumboni na ubavuni, na mpimaji huipitisha mashine ndogo mfano wa sabuni juu yake. Figo nzima huonekana kijivu na katikati pana weupe. Figo iliyozibwa huonekana na mabwawa meusi yaliyoungana katikati, kwa kuwa maji katika picha hiyo ni meusi. Kibofu nacho hupimwa mara mbili, kikiwa kimejaa na baada ya kukojoa, na mkojo unaosalia ukizidi mililita 100 pana jambo la kuulizia. Altrasaundi haioni vizuri katikati ya mrija, kwa hiyo jiwe lililokwama humo huhitaji sitiskani. Damu nayo hupimwa kreatinini ili ijulikane figo zimebakiwa na nguvu kiasi gani. Katika mambo yote yaliyomo katika makala hii, hili ndilo ningependa lishikwe: homa ya figo iliyorudi mara ya pili kwa mtu mzima, na iliyokuja hata mara ya kwanza kwa mwanamume au mtoto mchanga, inadai altrasaundi. Gharama yake haifiki ya dozi tatu za sindano zilizokosea.

Pana wakati ambapo hakuna nafasi ya kungoja hata siku mbili za maabara. Mtu mwenye figo iliyozibwa, kisha akashikwa na homa kali ya kutetemeka, akatapika, pumzi zikawa za haraka, akili ikaanza kupotea na mkojo ukapungua, ana usaha uliofungiwa chini ya shinikizo, na vijidudu vinasukumwa kuingia katika damu. Huyu ni mgonjwa wa usiku huo huo. Sindano za antibayotiki huanza mara moja, na maji mishipani, lakini hazitoshi. Usaha hauna budi kutolewa. Kizuizi kikiwa chini ya kibofu, mpira huweza kutosha, na njia ikikataa mpira, tundu hutobolewa juu ya mfupa wa kinena. Kikiwa juu, ziko njia mbili. Ya kwanza ilielezwa mwaka 1955 na tabibu wa Kimarekani Willard Goodwin na wenzake: mgonjwa hulazwa kifudifudi, hutiwa ganzi mgongoni, sindano ndefu huelekezwa figoni, siku hizi kwa kutazama altrasaundi, kisha bomba jembamba huachwa humo. Usaha unapotoka kwa bomba hilo, mara nyingi mzito kama maziwa yaliyoganda, homa iliyoshinda dawa kwa siku kadhaa huanza kushuka. Njia ya pili ni stenti, bomba laini lililojikunja ncha zote mbili, ambalo hupitishwa kutokea kibofuni hata figoni, mkojo ukapita pembeni mwa jiwe. Jiwe lenyewe haliguswi siku hiyo. Ndugu wengi hukasirika kwa hilo, wakiuliza kwa nini mtu amepelekwa chumba cha upasuaji na jiwe likaachwa. Jawabu ni kwamba kulivunja jiwe ndani ya usaha ni kuumwaga usaha katika damu.

Baada ya njia kufunguliwa, figo zilizokuwa zimebanwa pande zote mbili huweza kumwaga mkojo kwa lita nyingi mfululizo, na mgonjwa aliyeruhusiwa mapema mno huishiwa maji na chumvi nyumbani. Kwa hiyo siku mbili tatu za kupimiwa kila kinachoingia na kinachotoka hazikuwekwa ili kuongeza hesabu ya malipo. Antibayotiki huendelea siku saba hadi kumi na nne, ikibadilishwa kufuata jawabu la kuotesha. Nitrofurantoini, ambayo ni nzuri kwa kibofu, haifikii nyama za figo, na yeyote anayepewa dawa hiyo kwa homa ya figo ana haki ya kuuliza.

Kisha ndipo kizuizi chenyewe kinapotibiwa, kila kimoja kwa namna yake: tezi dume hupunguzwa kwa dawa, au hukwanguliwa kupitia njia ya mkojo, au hutolewa kwa upasuaji, jiwe huvunjwa au hutolewa, kovu hukatwa na njia ikaungwa upya, vijingozi vya mtoto huchomwa kwa kamera ndogo. Katika kanda ya kaskazini kazi hizi zina makao yake katika hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971 na iliyo chini ya Shirika la Msamaria Mwema, yenye taasisi ya urolojia inayofundisha mabingwa wa fani hii. Njia ya kufika huko ni ya ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya au ya misheni, hospitali ya mkoa ya Mawenzi, kisha KCMC kwa barua ya rufaa. Ngazi hizi zina hekima yake, lakini zina hatari moja, kwamba mgonjwa anaweza kukaa ngazi ya chini miezi sita akibadilishiwa dawa, kwa kuwa hakuna aliyeandika katika daftari lake kuwa homa hii ni ya nne. Mgonjwa na atunze karatasi zake zote, na majibu ya kuotesha hasa, katika bahasha moja. Bahasha hiyo humweleza tabibu mpya kwa dakika tano jambo ambalo maneno yangelikosa kwa saa nzima.

Juu ya stenti pana onyo ambalo wauguzi hulirudia na bado husahauliwa. Haikai mwilini daima. Aghalabu hutakiwa kutolewa au kubadilishwa ndani ya miezi mitatu. Mtu akishapona homa, akarudi shambani Rombo kuvuna kahawa, stenti haimuumi sana, na nauli ya kurudi Moshi ina matumizi mengine. Baada ya mwaka, chumvi za mkojo zimekwisha kuigandia kama ukoko, ikawa yenyewe ndiyo jiwe, na kuitoa kunahitaji upasuaji mkubwa kuliko ule wa mwanzo. Tarehe ya kuitoa iandikwe kwenye kadi, na mtu mwingine katika aila apewe kazi ya kuikumbuka.

Figo iliyofunguliwa mapema hurudi kazini. Iliyobanwa kabisa kwa wiki nyingi hurudi kwa sehemu, au hairudi. Ndiyo maana altrasaundi na kreatinini hurudiwa baada ya miezi mitatu hivi, shinikizo la damu likapimwa, na mvulana aliyechomwa vijingozi akafuatwa kwa miaka hata atakapokuwa mtu mzima. Ikiwa figo moja imekufa na imebaki kuwa mfuko wa usaha, hutolewa, na mtu huishi vyema kwa ile iliyobaki, akilima, akizaa na kuzeeka. Ila ana jambo moja la kumwambia kila muuza dawa kabla ya kununua chochote, kwamba anayo figo moja tu. Kwa sababu diklofenaki, ambayo huuzwa kwa maumivu ya mgongo, goti na jino pasipo swali lolote, ni miongoni mwa dawa ambazo figo hiyo haizimudu.